Je, Anayekataa Chakula Ana Hatia?



Siku moja, baada ya fundisho juu ya amri ya tano, kijana mmoja alisimama akaniuliza: «Mwalimu, mtu akiwa na chakula mbele yake, naye akakataa kula mpaka akadhoofika, je, huyo hafanyi dhambi ya kujiua?» Wenzake wakacheka, kwa kuwa kijijini kwetu ni nani anayekataa chakula? Mimi sikucheka. Swali lile lilikuwa limekwisha kuingia katika ukoo wangu na kunichoma. Nilimwambia yule kijana angoje kidogo, kwa maana jibu lake halienei katika maneno mawili. Leo ninamjibu hapa, mbele yenu nyote. Nitakayoyasimulia ni mambo ya jamaa zangu, nao wamenipa ruhusa niyaandike bila kutaja majina yao.

1. Mlango uliofungwa

Dada yangu anakaa Montréal, mji mkubwa wa Québec katika nchi ya Canada. Ni mjane, tena ana watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume. Kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee wasiojiweza. Ugonjwa wa Korona ulipofika huko, serikali ya Québec ilitangaza hali ya hatari tarehe 13 Machi 2020, na tangu tarehe 16 shule zikafungwa. Katika mji wa Montréal watoto hawakurudi madarasani mpaka mwisho wa mwezi wa Agosti.

Ninyi mwayakumbuka yaliyotupata sisi wenyewe. Katika Congo hali ya hatari ilitangazwa tarehe 24 Machi 2020, na makanisa hayakufunguliwa mpaka tarehe 15 Agosti. Waliokuwa tayari kubatizwa kwenye Pasaka ya mwaka ule, tarehe 12 Aprili, walipaswa kungoja. Basi sina haja ya kuwaeleza maana ya mlango uliofungwa.

Katika miezi ile ya kwanza nyumba za wazee za Québec zilipigwa vibaya, na wazee wengi sana walifia humo. Dada yangu aliogopa asije akawaletea watoto wake mauti kutoka kazini. Kila jioni alirudi, akaoga, akapika huku amefunika mdomo na pua, akaweka sahani za watoto mezani, kisha akachukua yake akaenda kula chumbani peke yake. Alifanya hivyo kwa upendo, na hakuna awezaye kumlaumu. Lakini tangu siku ile meza ilibaki bila mama.

Binti yake alikuwa na umri wa miaka 15. Zamani alikula shuleni na wenzake, akaimba katika kwaya, akacheza mpira wa kikapu. Sasa kutwa nzima alikaa mbele ya mashine ya kompyuta akifuata masomo, na katika kioo cha mashine ile aliuona uso wake mwenyewe saa baada ya saa. Baadaye aliniambia kwamba siku zile hakuna jambo lililomtii. Shule haikumtii, wala afya ya mama yake, wala siku za kesho. Kitu kimoja tu kilimtii, nacho ni sahani yake. Kwanza aliacha sukari. Kisha akaacha mafuta, kisha nyama, kisha hata ugali wa siku ya Bwana. Kila alipoacha kitu alipata amani kidogo, nayo amani ile haikudumu hata asubuhi, hata ikambidi aache kitu kingine. Chakula kilikwenda katika pipa la takataka. Hakuna aliyekiona, kwa kuwa mdogo wake alikimbilia michezo yake, na mama alikuwa nyuma ya mlango.

Shule zilipofunguliwa tena hazikufunguliwa kabisa. Tangu Oktoba 2020 wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari mjini Montréal walisoma siku moja shuleni na siku moja nyumbani. Mwezi huo huo watu wakakatazwa kupokea wageni katika nyumba zao. Tangu tarehe 9 Januari 2021 ikakatazwa hata kutoka nje tangu saa mbili ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Mwajua kwetu mtoto akikonda nani huwa wa kwanza kuona. Ni shangazi na mama wadogo wanaopita Jumapili, wanamshika mkono na kusema, «Mtoto huyu ana nini?» Kina mama wa Congo wanaokaa Montréal nao huwa na desturi hiyo, lakini mwaka ule hawakuweza kuingia. Tena ilikuwa wakati wa baridi kali, na nguo nzito zilificha mwili.

2. Makosa yangu mawili

Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 17 Februari 2021. Binti alimwambia mama yake kwamba amekusudia kufunga siku zote za Kwaresima. Dada yangu alifurahi, akanipigia simu. Na mimi, katekista, nilifanya nini? Nilimsifu. Nilimtumia mpwa wangu sauti yangu kwa simu, nikamwambia kwamba mjomba wake anajivuna kwa ajili yake, na kwamba vijana wengi wa huko wamemsahau Mungu, lakini yeye ameishika njia nyembamba. Hata mbele ya wakatekumeni wangu nilimtaja kama mfano.

Baada ya Pasaka alianguka bafuni. Walimpeleka hospitali, na waganga wakaona kwamba moyo wake unapiga polepole kuliko moyo wa mtu aliyelala usingizi. Wakamwambia mama jina la ugonjwa: anoreksia. Ni ugonjwa wa akili na mwili pamoja. Mgonjwa hujinyima chakula, huogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa, na akijitazama hauoni mwili wake jinsi ulivyo. Huhesabiwa kati ya magonjwa ya akili yanayoua watu wengi zaidi. Ugonjwa huu una ndugu zake: wako wanaokula chakula kingi kwa siri bila kuweza kujizuia, na wako wanaokula hivyo kisha hujitapisha.

Nilipopata habari nilikasirika. Nilimpigia simu kitandani pake nikamwambia: «Hapa kwetu kuna watoto wanaolala bila kitu tumboni. Wewe umekaa katika wingi, nawe wamwaga chakula. Huna shukrani kwa Mungu wala kwa mama yako.» Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: «Mjomba, hayo nayajua. Najiambia hivyo kila siku. Hata mimi ningependa kula.»

Nilikosa la kujibu. Basi tazameni, wasomaji wapenzi: katika majuma machache tu, kwa kinywa kile kile na kwa sahani ile ile, mtoto huyu aliitwa mtakatifu, kisha akaitwa mkosaji. Majina yote mawili yalikuwa ya uongo. Baadaye alinifunulia kwamba sauti ile ya kumsifu alikuwa ameihifadhi, na kila njaa ilipotaka kumshinda aliisikiliza tena ili apate nguvu ya kutokula. Tangu hapo nimejifunza kuyaogopa maneno yangu.

3. Maneno ya wanaolaumu

Mtu atasema: «Mwalimu, ulikuwa na haki ya kukasirika.» Nami sitaki kupita juu ya neno hilo upesi, kwa sababu lina uzito. Katika hesabu ya mwaka 2021, watu zaidi ya milioni 27 katika nchi yetu hawakuwa na chakula cha kutosha, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu watatu. Mama aliyeomba unga kwa jirani, akisikia kwamba mahali fulani mtoto amemwaga maziwa, lazima moyo wake uume. Chakula ni jasho la mtu, tena ni zawadi ya Mungu. Kukitupa kwa dharau ni kosa.

Lakini niwaulize ninyi akina mama jambo mnalolijua kuliko mimi. Mtoto aliyepatwa na bwaki, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, je, huwa na hamu ya kula? La. Huyo aliye na njaa kuliko wote ndiye anayegeuza uso ukimletea kijiko. Hulia, hufunga mdomo, husukuma mkono wa mama yake. Je, mwasema kwamba ana kiburi? Mwasema hana shukrani? Hamsemi hivyo. Mwasema ugonjwa umemwondolea hamu, nanyi mwampeleka kituo cha lishe. Huko nako hawamjazi chakula siku ya kwanza. Humpa maziwa mepesi, kidogo kidogo, kwa kuwa mwili uliokaa na njaa muda mrefu waweza kuuawa na chakula kingi cha ghafula. Nilistaajabu kusikia kwamba waganga wa mpwa wangu walikuwa na woga huo huo, nao wakapima chakula chake kwa uangalifu namna hiyo.

Sisemi kwamba bwaki na anoreksia ni ugonjwa mmoja. Bwaki huanzia katika ukosefu, na huu mwingine huweza kuanzia kwenye meza iliyojaa. Lakini mtoto wa bwaki anatufundisha kwamba kula si kazi ya utashi peke yake. Mwili nao una sauti, na sauti hiyo yaweza kuugua.

4. Njaa hugeuza akili

Kuna jambo lililofanyika wakati wa vita kuu ya pili ambalo lafaa mlijue. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wamekondeshwa na njaa ya vita. Vijana 36 wenye afya njema, ambao kwa ajili ya dhamiri walikuwa wamekataa kushika silaha, walijitolea. Kazi ilianza Novemba 1944, na mwaka 1945 kwa majuma 24 vijana wale walipunguziwa chakula mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao.

Mambo yaliyowapata yaliandikwa katika kitabu kikubwa kilichotolewa mwaka 1950. Watu wale waliokuwa wachangamfu wakawa wakiwa. Waliacha urafiki, wakawa wepesi wa hasira na huzuni. Waliota chakula usiku, walisoma vitabu vya mapishi mchana, walikatakata mkate vipande vidogo vidogo na kukaa navyo muda mrefu. Na walipopewa tena chakula cha kutosha, mioyo yao haikutulia siku ile ile. Wengine walikawia miezi mingi.

Wale hawakuwa na anoreksia, kwa maana walitamani kula. Lakini tazameni: hawakuwa wazimu walipoanza, wala hawakuwa wavivu au wabaya. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mpwa wangu, aliyekuwa akimpikia mdogo wake keki nzuri kila Jumamosi wala haonji hata chembe. Sisi tulidhani anacheza. Kumbe alikuwa amefungwa ndani ya njaa, na kadiri alivyopungua ndivyo kufuli lilivyozidi kukaza. Anayeanza kujinyima huenda alikuwa na hiari siku ya kwanza. Siku ya mia hiari ile imebaki ndogo sana.

5. Mambo matatu ya dhambi kubwa

Mmejifunza katika katekisimu kwamba ili dhambi iwe dhambi ya mauti, lazima mambo matatu yakutane. Jambo lenyewe liwe zito. Mtu ajue kwamba ni baya. Tena akubali kwa hiari kamili. Haya, tulipime swali la kijana wetu kwa kipimo hicho.

Jambo ni zito? Naam, ni zito, maana uhai si mali yetu ya kutupa. Je, mgonjwa anajua? Anajua nusu, kwa sababu akitazama kioo macho yake yanamdanganya. Je, anakubali kwa hiari kamili? Hapa ndipo ugonjwa huu unaposhika. Haushiki mguu wala jicho. Unashika mahali pale pale ambapo mtu huamua. Kumwambia «taka tu kula» ni kama kumwambia aliyevunjika mguu asimame upesi akatafute fimbo ya kutembelea.

Basi jibu langu la kwanza ni hili: mgonjwa wa namna hii asihesabiwe kuwa ameivunja amri ya tano. Mungu anayeona ndani ndiye ajuaye kiasi cha hiari kilichobaki katika kila mtu. Sisi tunaona sahani tu.

Lakini mtu asiseme kwamba kwa kuwa hana hatia, basi hana la kufanya. Nilimwuliza mpwa wangu alipopata nguvu: «Katika siku zile mbaya, je, kulikuwa na jambo lolote uliloweza?» Akafikiri, akanijibu: «Sikuweza kula. Niliweza kuacha kumdanganya mama.» Usiku mmoja hospitalini alimwambia mama yake ukweli wote juu ya lile pipa la takataka. Hiyo ilikuwa hiari ndogo sana, kama kaa moja chini ya majivu, lakini moto uliwashwa kutoka hapo. Mgonjwa asiye na hatia bado ana heshima ya kusaidia kupona kwake, hata kama sehemu yake ni neno moja la kweli.

6. Kufunga si kujiangamiza

Wengine mtaniuliza: «Tutajuaje basi kufunga kwa kweli?» Swali hili ni la lazima, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kuvaa kanzu ya utakatifu, nao ulinidanganya mimi niliyedhani najua.

Kwanza, kufunga kwa kweli kuna mwisho. Siku ya Pasaka Mkristo hula na kufurahi. Mpwa wangu ilipofika Pasaka hakuweza.

Pili, kufunga kwa kweli kuna kipimo, nacho hukubali kuambiwa basi. Kwa sheria ya Kanisa, siku za kufunga kwa lazima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wanaolazimika ni waliotimiza miaka 18, mpaka watakapotimiza 59. Tena siku hizo mlo mmoja kamili huruhusiwa. Wagonjwa hawalazimishwi. Mtoto wetu hakuwa hata amefikia umri wa sheria ile, nami katekista sikumkumbusha.

Tatu, kufunga kwa kweli hufungua mkono. Chakula nilichojinyima kimfikie mwenye njaa. Chakula kilichoingia katika pipa hakikumshibisha mtu.

Mtu anaweza kuwataja watakatifu waliokula kidogo mno. Mtamsikia hasa Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyezaliwa Italia mwaka 1347 na kufa Roma mwaka 1380 akiwa na miaka 33, naye Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970. Ni kweli kwamba katika miaka yake ya mwisho hakuweza kula karibu chochote. Lakini alipolaumiwa kwa ajili hiyo, alijibu kwa barua kwamba hali ile kwake ni udhaifu wa mwili, kwamba anajilazimisha kila siku kuonja chakula, na kwamba anamwomba Mungu amjalie kula kama watu wengine. Wala hakuwafundisha wafuasi wake wamwige. Aliwafundisha kwamba kujinyima ni chombo tu, na kwamba anayekifanya chombo kuwa shabaha yake amepotea njia. Basi hata yeye hakujisifu kwa sahani tupu. Mbona sisi tulimsifu mtoto kwa ajili yake?

7. Nani basi ana hatia?

Nilipokwisha kumwondolea mtoto hatia, moyo wangu ulitafuta mwingine wa kubebeshwa. Je, ni mama aliyekula chumbani? Alikuwa akilinda uhai wa watoto wake. Je, ni serikali iliyofunga milango? Ugonjwa ulikuwa ukiua watu kwa maelfu, na wazee waliokufa katika nyumba zile walikuwa na haki ya kulindwa. Hata hivyo mlango uliozuia ugonjwa mmoja ulilea mwingine. Katika hospitali sita za watoto za Canada, kabla ya Korona waganga waligundua wagonjwa wapya wa anoreksia 24 au 25 kwa mwezi. Kati ya Machi na Novemba 2020 wakawa karibu 41 kwa mwezi. Na waliohitaji kulazwa walitoka 7 au 8 kwa mwezi, wakafika 20.

Nadhani si kila teso lina mkosaji wake. Yako mateso yanayotoka katika mambo mema mawili yaliyogongana, na huko kutafuta wa kumlaumu ni kupoteza wakati. Lakini iko kazi. Sheria ya kufunga mlango ikiwa ni ya lazima, upendo utafute dirisha. Sisi wa mashariki ya Congo tuliliona hilo katika Ebola ya miaka 2018 hadi 2020. Mjini Beni walijenga vyumba vya kuwatunzia wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, hata mama aliweza kumwona mtoto wake, kumsemesha na kumpungia mkono, asipate madhara. Mlango ulifungwa, lakini jicho la mama lilibaki ndani. Mtoto wetu wa Montréal alikosa jicho hilo. Hakuna aliyelikataa kwa ubaya. Hatukufikiri tu kwamba mtoto mwenye chakula anaweza kuhitaji mtu wa kumtazama akila.

8. Dawa iliyo mezani

Waganga walifuata njia iliyoanzia London, katika hospitali ya Maudsley, miaka ya 1980. Wazazi hawasukumwi pembeni. Wao ndio wanaopewa kazi ya kumlisha mtoto, mlo baada ya mlo, bila matusi na bila kukata tamaa, mpaka nguvu za kuamua zimrudie. Chakula ndicho dawa, na mezani ndipo hospitali. Dada yangu alikuwa amekwisha chanjwa, kwa kuwa Québec ilianza kuchanja katika nyumba za wazee Desemba 2020. Basi alirudisha kiti chake mezani. Mlo wa kwanza nyumbani ulichukua zaidi ya saa nzima, na mtoto alilia juu ya sahani. Mama hakuondoka. Mlo wa pili ukawa vile vile. Hakuondoka.

Mimi nami niliomba sehemu. Saa sita ya mchana kwao ni saa kumi na mbili ya jioni kwetu wakati wa kiangazi chao. Kila Jumapili nilipanda kilima chetu ambako simu hushika mtandao, nikiwa na sahani ya ugali na sombe, nasi tukala pamoja, yeye kule na mimi huku, tukitazamana. Watoto wa shule walinicheka kuona mwalimu akila juu ya kilima kama mchungaji. Mama yake alikuwa amenionya nisiseme neno lolote juu ya mwili wake, wala juu ya kiasi anachokula. Basi nilimwambia habari za mbuzi wa jirani aliyekula daftari za darasa la tatu, na habari za mvua. Jumapili ya sita au ya saba alicheka, na huku anacheka akaweka kijiko mdomoni bila kukitazama. Sitaisahau siku ile.

Leo yeye ni msichana mkubwa, anasoma chuoni. Ziko siku ngumu hata sasa, naye akiziona huja mezani mapema na kumwambia mama yake ukweli. Haikuwa miujiza. Ilikuwa kazi ya miaka.

Kwa hiyo, wapenzi wangu, msidhani ugonjwa huu ni wa watu wa mbali tu. Mtoto huyu ni damu yetu. Na hapa kijijini mwamjua mjane asiyeweza kula tangu mazishi, mzee anayeachiwa chakula chake nje ya mlango, msichana anayechekwa kwa unene wake na mwingine anayesifiwa kwa wembamba wake. Msimhukumu mtu kwa sahani yake. Msitaje mwili wa mtu kwa dhihaka wala kwa sifa. Mkiona mtu anapungua siku hata siku, mpelekeni kwa mganga wa kituo cha afya, wala msimwambie kwanza kwamba amekosa shukrani. Na ikiwa siku moja milango itafungwa tena, kumbukeni kuuliza katika kila nyumba: nani anakula peke yake?

Kijana aliyeniuliza swali, nadhani sasa umepata jibu. Ukikutana na mtu asiyeweza kula, usianze kumpimia hatia yake. Chukua kiti, ukae karibu naye.

Maswali ya kutafakari kabla ya fundisho lijalo:

Je, nimewahi kumsifu au kumlaumu mtu kwa jambo nililoliona nje tu?

Nikifunga, ni nani anayeshiba kwa chakula nilichojinyima?

Katika ukoo wangu, ni nani ambaye hakuna anayemwona akila?